Kuku Watatu wa Soko

Kavira mwanangu,

Umeenda kuaga wenzako wa chorale ya kanisa na najua hamtaachana upesi, kwa hiyo nimekaa hapa kwenye meza ya jikoni na daftari lako la zamani la jiografia, lile lililobaki na kurasa tupu nyuma. Ni saa kumi jioni. Begi lako limefungwa, liko karibu na mlango, na kila nikiinua macho ninaliona.

Baba yako amekwisha kukuambia habari za barabara, za karatasi za shule ya uuguzi, na za kutoongea na kila mtu. Mimi sitarudia. Kufua unajua, kupika umenipita. Nina jambo moja tu, na jambo hilo nimelikalia miaka saba. Wiki hii nimejaribu mara tatu kukuambia kwa kinywa. Mara zote tatu nilikuuliza kama umekula.

Kesho utalala Beni, pale Mulekera, nyumbani kwa shangazi yako Masika. Siku baba yako alipotuambia kwamba dada yake amekubali kukupokea, uliangalia sahani yako ukasema, "Shangazi alitutupa. Sasa atanipokea juu ya nini?" Baba yako alicheka, akadhani ni maneno ya kitoto. Mimi niliondoka mezani nikaenda kuchochea moto uliokuwa unawaka vizuri.

Shangazi yako hakututupa. Mimi ndiye niliyemwondoa.

Alifika kwetu ulipokuwa na miaka kumi. Alikuwa ameacha shamba lake la kakao upande wa Mangina kwa sababu watu walikuwa wanauawa mashambani, akapanda gari na mfuko mmoja wa nguo na sufuria mbili. Mume alikuwa amekufa zamani, mtoto hakuwa naye. Usidhani nilianza na ubaya. Nilimpa kitanda kizuri, nikampa na kitenge changu ambacho sikuwa nimekivaa bado. Mgeni anayelia ni rahisi kumpenda. Shida yangu ilianza alipoacha kulia.

Unakumbuka depo ya babu yako ilivyokuwa: kuta za matofali mabichi, paa la manjanja ya bati, dirisha moja dogo. Babu alikuwa anaweka humo kahawa, enzi zile kahawa ilipokuwa kahawa. Tangu afe, tulitupa humo kila kitu kisicho na mahali: majembe bila mpini, magunia, chukudu ya mbao ya kubebea mizigo, iliyovunjika gurudumu, na viazi baba yako alivyovileta kutoka Lubero vikingoja soko. Shangazi yako aliipita kila siku akienda kuanika nguo. Siku moja akasimama.

"Mama Kavira, hii nyumba inalala bule," akaniambia. "Tunaweza ikata katikati. Upande moja ibakie ya bintu byenu, upande ingine tutie kuku."

"Kuku zitaleta panya," nikasema.

"Panya ziko ndani tayari, yaya," akasema, akiniita kama dada mkubwa. "Tukifanya kazi muzuri, njo zitatoka."

Nilikubali kwa sababu baba yako alikubali. Lakini ufunguo wa depo niliubakisha mimi, na kila asubuhi ilibidi mje kuniomba. Hukujua kwa nini nilifanya vile. Hata mimi nilijiambia ni kwa ajili ya viazi.

Mlifanya kazi ile kwa wiki tatu, wewe na yeye, baada ya shule. Niliwaona kutoka jikoni. Mlitoa vitu vyote nje, mkafagia, mkaziba matundu ya panya kwa mawe na udongo uliochanganywa na vipande vya chupa. Mkapaka kuta chokaa. Mkakata miti ya mikaratusi, mkaisimamisha katikati ya depo na kufunga wavu wa chuma, na mlango mdogo ukapata bawaba za mpira wa gari. Chini mlimwaga maranda mliyoyaomba kwa seremala, unene wa kiganja kizima. Viota mlivitengeneza na masanduku ya sabuni.

Wewe ulitaka viota viwe juu ili pawe pazuri. Nilimsikia akikuambia, bila kukucheka, "Hapana, mama. Mahali pa kulala inapashwa kuwa juu kupita mahali pa kutaga. Kuku inapenda kulala juu. Ukiweka viota juu, italala mule na kunya mule, na mayai yote itakuwa muchafu." Ukashusha masanduku mwenyewe, ukapandisha fito za kulalia.

Alipotoboa ukuta chini ya manjanja, matundu mawili makubwa, nikatoka jikoni. Nilikuwa nimengoja kosa lake na nilidhani nimelipata.

"Yaya Masika, hapa si Mangina," nikamwambia. "Hapa Butembo kuna baridi. Zitakufa."

"Kuku haiogope baridi sana," akasema. "Ina manyoya. Inaogopa hewa yenye kuoza. Usiku zinapumua, zinakunya, ile moshi ya mavi inapanda juu. Ikikosa njia, inarudi mu mapafu yao." Kisha akakugeukia wewe, si mimi: "Kavira, njoo usikie. Weka pua hapa."

Ukaweka pua. Ukasema, "Ni kweli, inatoka." Na mimi nikabaki nimesimama na mwiko mkononi.

Pembeni, mbali na mahali pa kuku wengine, kwenye upande wa vitu vyetu, alitengeneza kizimba kidogo cha peke yake. Mlikiita chumba cha wageni. Kuku mpya yeyote alipaswa kulala mle wiki mbili kabla ya kuingia kwa wengine, na anayemlisha anawe mikono na kubadili viatu. Nilicheka siku ile. Nilisema kwamba hata watu hatuwapi chumba cha wageni, sembuse kuku. Hamkucheka nami.

Kisha kuku wakaja, wachache wachache, wakafika kumi na tisa. Nitakuambia nilichokuwa nafanya siku hizo, kwa sababu sijawahi kumwambia mtu. Nilikuwa nahesabu mara ngapi mezani unasema "shangazi anasema." Jioni moja ulisema mara kumi na moja. Nilikuwa naingia mle ndani na viatu vyangu vya mpira, na mahindi kwenye sahani, na kuku wanakimbilia ukutani. Akiingia yeye mikono mitupu, wanamfuata. Na ninyi wawili mliokuwa mnacheka, nikiingia, mnanyamaza kwa adabu. Ile adabu iliniuma kuliko tusi.

Yai la kwanza ulilikuta wewe, Jumamosi asubuhi. Nilikuwa nafua. Ulitoka depo umelishika kwa mikono miwili, ukanipita karibu kiasi cha kunigusa, ukaenda kumwonyesha shangazi yako aliyekuwa anaota jua kwenye kizingiti. Hukufanya kwa kunidharau. Najua. Mtoto hupeleka yai kwa aliyelingoja naye. Lakini nilikamua lile shuka mpaka likachanika.

Nimejiuliza mara nyingi wivu ule ulitoka wapi. Kwetu Lubero tulikuwa wasichana watano, na mama yangu alikuwa mtu wa kuchoka. Aliyepata mkono wake juu ya kichwa asubuhi, wengine walijua siku hiyo wamekosa. Nilikua nikiamini kwamba mapenzi ni kama blanketi dogo: mmoja akijivuta, mwenzake anabaki na miguu nje. Nilipokuzaa, nilijifunga nalo lote. Hakuna aliyeniambia kwamba mtoto anaweza kumpenda mtu wa pili bila kunipunguzia mimi. Na ningeambiwa, nisingeamini. Wivu nao haukuja kwangu ukitaja jina lake. Ulijiita usafi, ukajiita viazi vya baba yako, ukajiita baridi ya Butembo.

Basi shangazi yako akaenda kule kwake kuangalia kama kakao yake bado iko, akakaa wiki tatu. Niliona nafasi yangu. Siku ya soko nikanunua mitetea watatu, wekundu, wakubwa, wazuri kupita wote tuliokuwa nao. Mmoja alikuwa anafumba macho. Muuzaji akasema, "Ni uchovu ya barabara tu, mama." Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini. Nilitaka utoke shule uwakute katikati ya wengine, unikimbilie mimi.

Ulitoka shule, ukawaona. Ulifurahi, kweli. Kisha ukauliza polepole, "Mama, hizi hazitaenda kwanza mu chumba ya wageni?"

Nikakuambia, "Nyumba ni yangu, na kuku ni zangu."

Siku mbili baadaye shangazi yako akarudi. Kabla ya kunywa maji akaenda depo, akatoka.

"Zile tatu zilitoka wapi?"

"Ku soko."

"Zililala wapi?"

"Mule mu chumba yako ya wageni," nikasema. "Siku kumi na ine zote."

Ulikuwa umesimama kati yetu na ndoo ya maji. Ulinitazama. Ulikuwa na miaka kumi na moja na ulijua kila kitu. Kisha ukatazama chini, ukabeba ndoo yako, ukapita. Ulinifichia uongo wangu mbele ya mtu uliyempenda. Na mimi, Kavira, badala ya kuona haya, nilifurahi. Nilisema moyoni: amechagua, ni wangu. Nimefanya makosa mengi, lakini furaha ile ndiyo ninayoiogopa mpaka leo.

Siku ya tatu kuku wakaanza. Walikuwa wanazubaa, wananya kijani, shingo zinajipinda kama mtu anayetafuta kitu angani. Kwa siku sita waliisha wote, na wale watatu wekundu. Shangazi yako aliwachoma na kuwafukia mmoja mmoja. Akaniambia, "Pengine ni mimi. Kule nililala mu nyumba yenye kuku. Pengine nilileta na viatu." Nilikuwa na mlango wazi wa kusema. Nikasema, "Pengine."

Sasa fika pale usipopajua.

Wakati ule ulikuwa wakati wa Ebola. Unakumbuka ndoo za maji ya dawa kwenye kila mlango, na kile kifaa cha kupima joto kwenye paji la uso kabla ya kuingia kanisani. Unakumbuka jinsi watu walivyolitaja jina la Mangina kwa kushusha sauti, kwa sababu huko ndiko ugonjwa ulikosikika kwanza. Jirani yetu mwenye butike ya chumvi na sabuni aliniuliza, "Mama Kavira, kuku zenu zilikufa na nini?"

Nikamjibu, "Sijue. Wifi yangu alirudia kutoka kule njia ya Mangina, nyuma ya siku tatu zikaanza kufa."

Kila neno lilikuwa kweli, na yote pamoja yalikuwa uongo. Ugonjwa wa kuku ni wa kuku, nilijua. Lakini hofu haina darasa. Kufika Jumapili, benchi aliyokaa shangazi yako ilibaki tupu pande zote mbili. Wamama niliokuwa naimba nao waliwavuta watoto wao alipopita. Hakuwa na homa hata siku moja. Alinawa, akapimwa, akakaa peke yake kwenye benchi ile mpaka mwisho wa ibada.

Baba yako akaja kwangu. "Batu banasema."

"Mimi sijasema kitu," nikamjibu. "Lakini tuko na mutoto."

Hayo tu. Aliongea na dada yake kesho yake. Sikusikia waliyosema, niliona tu baba yako akitoka na kofia mkononi.

Aliondoka siku ya Jumatano. Alifunga mfuko wake, akakaa kwenye kizingiti, akaniuliza, "Kavira anarudia saa ngapi?"

Nikasema, "Leo watachelewa ku masomo."

Hamkuchelewa. Ulifika nusu saa baada ya gari kuondoka. Uliuliza, nikakuambia, "Shangazi amechoka na siye, ameenda zake." Ukaenda kukaa ndani ya depo, kwenye maranda matupu, mpaka baba yako alipokuja kukutoa. Tangu siku hiyo hukuniuliza tena habari za kuku, na mimi sikukuuliza ulikuwa unafikiri nini. Najua sasa. Ulidhani ni kwa sababu ulinyamaza na ndoo yako. Ulidhani aligundua akakuchukia, na ili usiumie ukaamua yeye ndiye mbaya. Nimekuacha ubebe hayo tangu una miaka kumi na moja, kwa sababu nilipokuona umemkasirikia, nililala vizuri.

Nilidhani nikibaki peke yangu utarudi kwangu mzima. Ulirudi nusu. Ulikuwa mtoto wa kutii, wa kujibu vizuri, na hukunipita tena na yai mkononi, wala hukuniletea mimi.

Baada ya miaka miwili nilinunua mitetea wanne. Hukusema kitu uliponiona nikiwaweka mle pembeni, nikibadili viatu kila nikitoka. Wiki mbili kamili. Nilipanda mwenyewe kufungua matundu niliyokuwa nimeyaziba kwa magunia. Nilitengeneza fito zilizooza, nikaweka viota chini. Kila kitu nilikifanya kama alivyosema yeye, na kila msumari nilioupiga ulikuwa na sauti yake, nikauonea wivu hata msumari. Asubuhi moja nikakuta umebadilisha majivu ambamo kuku huoga ili wasipate chawa, kabla ya kwenda shule. Nilikaa chini nikalia. Ningekuambia siku ile. Nilikuuliza kama umekula.

Leo asubuhi, ulipokuwa sokoni, nilimpigia shangazi yako. Nilimwambia yote, bila kupumzika, kama mtu anayetapika. Nyuma yake nilisikia kuku. Kisha akasema:

"Nilijua ile siku yenyewe, Mama Kavira. Chumba ya wageni haikukuwa na mavi hata moja."

"Sasa sababu gani haukusema? Ulisema pengine ni viatu byako."

"Nilikuwa nakupa njia. Nilingoja useme weye. Na nilikuwa nimeona mutoto amepita na ndoo. Ningeongea, ningemupasua katikati. Ye alikuwa amekuchagua. Na benchi ile ya kanisa, sikujua kama ni weye. Nilifikiri ni batu tu."

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Iliniuma," akasema. "Sitakudanganya. Ingali inaniuma. Kavira asiingie mu nyumba yangu na uongo yetu siye bakubwa. Umuambie mbele ya kufika."

Nikamwuliza kama naweza kwenda Beni siku moja, nimwombe msamaha uso kwa uso.

"Kuja," akasema. "Lakini usilete kuku."

Nilicheka, na yeye kidogo. Kisha akaniambia kwamba amepata jiko la zamani nyuma ya nyumba anayopanga, kuta bado nzima, na amengoja ufike ili mligawe pamoja, upande mmoja uwe wa kuku. Na hapo hapo, mwanangu, simu ingali sikioni, machozi yangali usoni, kile kitu, wivu wangu, kikaamka tena. Nikawaona ninyi wawili mkipaka chokaa. Miaka saba, na kimeamka kama mtu aliyelala nusu saa tu. Nakuambia hivi kwa sababu sitaki udhani mama yako amepona. Sijapona. Ninachojua sasa ni kukitambua kinapokuja, na kukaa kimya mpaka kipite, na kutokipa mdomo wangu. Hata wewe utakipata siku moja, kwa mume, kwa mwenzako wa kazi, kwa mtoto wako mwenyewe. Kitakapokuja usiseme ni kitu kingine.

Hii barua nitaitia kwenye mfuko wa nje wa begi. Isome ndani ya basi. Kutoka hapa mpaka Beni barabara inatosha kusoma na kukasirika. Ukasirike. Hasira yako kwa shangazi ilikuwa yangu tangu mwanzo, sasa ifikishe kwa mwenyewe. Usinipigie simu jioni hiyo kama huna moyo. Nitajua umefika, shangazi yako ataniambia. Kwa baba yako nitasema mimi mwenyewe ukishaondoka kituoni. Na Jumapili nitamwambia jirani wa butike, na wale wamama.

Na kuna kitu kingine. Utakuwa unaishi naye miaka mitatu au minne. Siku moja, ukiwa na homa au na njaa, au umerudi umechoka kutoka stage, mazoezi yenu ya hospitali, utafungua mlango na kumwita "mama" bila kufikiri. Kisha utashtuka. Utataka kujirekebisha kwa ajili yangu, kama ulivyozoea kufanya vitu kwa ajili yangu.

Usijirekebishe. Acha aitike.

Mama yako